Ghala Lenye Vitanda Sita

12 Januari

Dada yangu,

Sisi huku wazima, isipokuwa goti la kushoto la Mama, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Juzi alikuona kwenye televisheni ukichangia hoja bungeni. Akasema umekonda, na kile kitambaa ulichojifunga kichwani hakikupendezi hata kidogo, kisha akaita majirani wote waje kukuona. Shemeji hajambo? Mwambie dawa ya presha hainywewi mtu akikumbuka, hunywewa kila siku.

Najua simu ipo. Lakini nikipiga anapokea katibu wako, ananiuliza "suala lako linahusu nini, mama," na mimi siwezi kumweleza binti wa watu suala hili linahusu nini. Baba alikuwa karani wa posta mpaka anastaafu, na alitulea akituambia kwamba jambo zito huandikwa. Basi naandika.

Jumatatu asubuhi walikuja watu wa halmashauri na ndoo ya rangi nyekundu. Wanapanua barabara, na wamepita mtaa mzima kuweka alama. Nyumba za watu hawakuzigusa. Walikuwa na sheria yako mkononi, kile kijitabu cha kijani, na kila wakifika kwenye mlango wanafungua kifungu cha tisa, wanasoma kwa sauti: nyumba ya kuishi, shule na nyumba ya afya hazibomolewi mpaka wenyewe wapewe pengine pa kwenda. Watu walikuwa wanakupigia makofi njiani utadhani upo. Nami nilisimama mlangoni nikijivuna, nikingoja zamu yangu ya kusomewa.

Walipofika, mpimaji wao akafungua daftari la viwanja. Akatazama daftari, akanitazama mimi na koti langu jeupe, akatazama akina mama kumi na wawili waliokaa kwenye benchi na matumbo yao, akarudi kwenye daftari. Kisha wakachora X kubwa ukutani, chini ya dirisha la chumba cha kuzalia.

Nikauliza kulikoni. Mpimaji akasema, "Mama, hapa pameandikwa ghala."

Kicheko akaangua kicheko. Unamkumbuka, mke wa fundi viatu wa hapo nje, yule anayecheka hata akichomwa sindano. Ana mimba ya miezi miwili, ya tatu hii, na wewe unajua zile mbili za kwanza damu yake niliizuia roho ikiwa mkononi. Akamwambia mpimaji, "Basi sisi ndio magunia!" Benchi zima likacheka, nami nikacheka. Mpimaji hakucheka. Ametuachia karatasi inayosema mwisho wa Juni.

Dada, ile fomu unaikumbuka?

Mdogo wako


2 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako nimeikuta mezani niliporudi kutoka ziara ya kamati. Nimefurahi kusikia Mama anaendelea kunikosoa, maana siku akiacha nitaogopa. Kile kitambaa nimekigawa. Shemeji yako hajambo, dawa anakunywa sasa mbele yangu. Wanangu wanakusalimu, na huyu wa mwisho anasema akimaliza masomo atakuja kukaa kwako ajifunze ukunga, nami nimemwambia akuulize kwanza unalala saa ngapi.

Habari ya alama nyekundu imenishtua. Nikueleze jinsi ilivyotokea. Tulipoandika kifungu cha tisa, wenye maghala walijaribu kujipenyeza. Mtu ana ghala la saruji, anapangisha vyumba viwili mbele, anajificha nyuma ya wapangaji asibomolewe. Mimi mwenyewe nilisimama nikapigania neno hilo litajwe: maghala, karakana na vibanda vya biashara havilindwi. Hapa siku hizi wananiita Bi Kifungu. Sikufikiria, mdogo wangu. Siku ile nilikuwa nafikiria saruji.

Usikate tamaa. Mwandikie mkurugenzi wa halmashauri barua ya kuomba kubadili matumizi ya jengo. Ni jambo la kawaida. Ambatisha picha za wodi, orodha ya waliozaliwa hapo na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mimi niko na Muswada wa Uzazi Salama, ambao ukipita kila kata itakuwa na nyumba ya uzazi na mkunga wa kulipwa na halmashauri. Kila kata! Niombee.

Dada yako


9 Februari

Dada,

Mama anakusalimu. Goti vilevile.

Nilikuuliza jambo moja, ukanijibu mengine kumi.

Kwa mkurugenzi nimekwenda mara tatu. Mara ya tatu walinikalisha mbele ya karani wa ardhi, mtu mpole, anaandika polepole kama anayechonga jiwe. Akaniambia kubadili matumizi kunawezekana, nijaze hapa. Swali la kwanza: ghala lilikuwa la bidhaa gani. La pili: liliacha lini kuwa ghala. Nikamwambia halijawahi kuwa ghala hata siku moja, tangu kuta zikiwa mbichi limekuwa na vitanda sita na mizani ya watoto. Akaweka kalamu chini. "Basi hilo si badiliko," akasema, "hilo ni kosa." Na kosa lililo kwenye daftari, Dada, hawezi kulirekebisha mkurugenzi, wala mimi, wala mwenyekiti wa mtaa. Anatakiwa yule yule aliyejaza fomu, aje na mkono wake, ale kiapo kwamba alikosea. Saini iliyopo ni mchoro tu, "kwa niaba ya akina mama wa mtaa". Karani ameigeuza juu chini, akaniuliza ni ya nani.

Nikamwambia nitaulizia.

Ulikuwa diwani wetu. Nyumba ya afya ilitaka kibali cha ofisi saba, miaka miwili ya kuzungushwa, na akina mama walikuwa wanazalia kwenye vyoo vya sokoni. Ghala lilitaka kibali cha siku moja. Ulikaa kwenye kiti changu cha jikoni ukajaza, na kesho yake ukanitumia kikaratasi ambacho ninacho mpaka leo: "Nimeandika ghala tusizungushwe. Nyamaza. Tutarekebisha nikipata nafasi." Sikukulaumu siku ile na leo sikulaumu. Mwezi tuliofungua tulizalisha watoto thelathini na mmoja. Nakuomba tu upate hiyo nafasi.

Mdogo wako


20 Machi

Mdogo wangu,

Nisamehe kukawia. Nilikuwa naandika halafu nachana. Watoto wazima. Shemeji yako alilazwa siku mbili, presha, ametoka.

Nimeuliza kwa watu ninaowaamini, bila kutaja mahali. Kutoa maelezo ya uongo kwenye fomu ya halmashauri ni kosa la jinai. Mtu aliyejaza fomu ile alikuwa na nia njema, hilo Mungu analijua, lakini mtu huyo akila kiapo leo, kesho magazeti yatajaa. Kiti cha kamati kitaondoka. Muswada hauna mwingine wa kuubeba, nimehesabu wabunge mmoja mmoja. Wale wanaosema wanawake wakazalie hospitali kubwa kama kila mtu, wasioijua hata foleni ya kufika huko, wanangoja kosa moja tu.

Muswada unasomwa mara ya pili tarehe kumi Juni. Siku ishirini kabla ya tarehe yenu. Ukipita, mtu huyo atakuja mwenyewe kwa karani wako, siku hiyo hiyo, hata akifungwa. Nipe mpaka Juni. Wewe una vitanda sita, mimi hapa nina vya nchi nzima.

Na kama una karatasi za zamani ndani ya nyumba, zichome.

Dada yako


28 Machi

Dada,

Pole kwa shemeji. Mama amemwanzia maombi, kila alfajiri anamtaja kabla ya kukutaja wewe, usione wivu.

Huyo "mtu" wako namjua. Alinibeba mgongoni kuvuka mtaro siku nilipokatwa na chupa. Msalimie sana, mwambie asijiite "mtu huyo" akiniandikia mimi.

Mpaka Juni nimekupa. Lakini usinipigie hesabu za vitanda. Mimi sioni vitanda, naona waliolala juu yake. Wiki hii nimezalisha tisa. Mmoja alikuja kamba ya kitovu imemtangulia mtoto, akainama nusu saa kwa magoti na viwiko huku nimemshikilia mtoto asishuke, mpaka gari likaja. Mtoto yupo, ananyonya. Ningekuwa mbali na hapo kwa mtaa mmoja tu, asingekuwepo. Hiyo ndiyo hesabu yangu.

Kicheko amefika mwezi wa tano karibu, damu yake nyepesi, nampa vidonge vya kuongeza damu na namwita kila wiki. Amempangia mtoto kitanda, cha dirishani, amekiwekea na jina lake kwa chaki. Mumewe ameacha kushona viatu nusu ya siku anaitazama ile X. Juzi aliipaka chokaa. Halmashauri wakaja wakaichora upya.

Jingine. Amekuja mwandishi wa habari. Kasikia harufu, sijui kwa nani. Kijana ana adabu, nikampa chai, akaweka kinasa sauti mezani na kuniuliza ni nani aliyejaza ile fomu, maana anadhani ni mpango wa wakubwa wapate kiwanja. Nilimwambia chai ikipoa haina ladha. Alikunywa akaondoka.

Karatasi sijachoma.

Mdogo wako


17 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Mama namtumia dawa ya kuchua goti, ipo ndani ya bahasha hii kubwa. Apakwe kwa mkono uliopashwa joto.

Sijui nianzie wapi. Muswada umeahirishwa. Spika amesema ratiba imejaa, tumesogezwa mpaka Septemba. Nilitoka ukumbini nikajifungia chooni nikalia kama mtoto, kisha nikanawa uso nikaenda kuongoza kikao cha maji safi.

Septemba ni mbali, najua. Kwa hiyo nimefanya jambo jingine. Nimemwomba wakili, rafiki yetu wa zamani, akusimamie bure mahakamani mkaombe zuio la kubomoa. Yeye hajui lolote zaidi ya alama nyekundu. Hakimu akiona wodi, akiona akina mama, atatoa zuio, mtu yeyote mwenye macho atatoa. Zuio likitoka tunapumua mpaka Septemba.

Najua unachofikiria. Hata mimi nakifikiria kila nikilala. Lakini nikianguka sasa, nimeanguka bure. Nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu tangu tulipokuwa wadogo: mbele ya hakimu jina langu lisitajwe.

Dada yako


3 Julai

Dada,

Mama mzima. Dawa ya goti inanuka lakini inafanya kazi.

Mahakamani tulikwenda tarehe ishirini na saba Juni. Hakimu aliuliza maswali machache, nikajibu. Zuio halikupatikana.

Juzi tingatinga lilikuja saa nne asubuhi. Walinipa saa moja ya kutoa vitu. Akina mama walipanga mstari wakavipitisha mkono kwa mkono: mizani, mabeseni, mapazia, vitanda vitano. Cha sita kilikuwa na mtu, wa siku moja tangu ajifungue, tukambeba nacho mpaka kwa fundi viatu. Idara ya afya nao walikuja saa hiyo hiyo wakachukua friji na dawa zote, sindano za kukaza mfuko wa uzazi na kila kitu, kwa sababu dawa haziruhusiwi kukaa mahali pasiposajiliwa. Wamenipa risiti.

Ukuta wa chumba cha kuzalia uligoma kidogo, ndio uliokuwa mnene. Kisha nao ukalala.

Akina mama wananifuata nyumbani. Nawaambia waende hospitali kubwa, wananiangalia tu.

Mdogo wako


30 Julai

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako hata sijui mara ngapi. Hujanitukana hata neno moja. Ningefurahi ungenitukana.

Nimekutumia katoni nne za glovu, nyuzi na vifaa vya kujifungulia kwa mkono wa dereva wa ofisi. Sindano sikuweza, nimeambiwa zinatoka kwa kituo kilichosajiliwa tu, na kifungu hicho pia nilikipigia kura. Kamati inanipa moyo. Safari hii tumepata tarehe ya uhakika, Septemba kumi na tatu, na kura zinatosha, naapa zinatosha. Ukipita, nyumba ya kwanza kujengwa nchi hii itakuwa yako. Ya matofali, yenye maji, yenye gari lake.

Kicheko anaendeleaje? Mwambie avumilie kidogo.

Mbona hukuniambia hakimu aliuliza nini?

Dada yako


26 Agosti

Dada,

Kicheko amefariki Jumanne. Mtoto yupo, wa kike, kilo tatu kasoro.

Nakueleza yote, kaa chini.

Uchungu ulimshika saa sita mchana, ukaja kwa kasi. Nilikuwa nimemwandikisha hospitali kubwa, gari la jirani lilikuwa limekaa tayari wiki nzima. Tukaondoka mimi, yeye na mumewe. Barabara inapanuliwa, Dada. Njia moja imefungwa, magari yamesimama mpaka upeo wa macho. Tulikaa mahali pamoja dakika arobaini, naona kwa dirisha mashine ikisawazisha kifusi, kile kile cha kwangu. Kicheko akaniambia, "Bi Mkunga, nisipocheka nitapiga kelele," akacheka. Alizaa kwenye kiti cha nyuma. Alizaa vizuri, mtoto alilia mara moja, na kondo la nyuma likatoka lote, nililigeuza nikaliangalia.

Kisha ikaanza kutoka damu, kama zile mara mbili, nami nilijua itatoka. Mara zile mbili nilinyoosha mkono nikafungua friji. Safari hii nilinyoosha mkono nikashika mlango wa gari. Nilimkanda tumbo, nikamkandamiza kwa ngumi ndani na nje mpaka mikono ikafa ganzi. Mumewe alishuka akakimbia mbele akigonga magari wasogee, na waliweza kusogea wapi? Kicheko alikuwa ananitazama, Dada. Akasema anasikia baridi. Kisha akaacha kunitazama.

Sasa uliuliza hakimu aliuliza nini. Aliuliza ni nani aliyejaza fomu. Akasema, "Akisimama hapa mtu huyo akala kiapo kwamba alikosea, natoa zuio sasa hivi, kabla sijainuka kitini." Mkoba ulikuwa magotini mwangu. Kikaratasi chako kilikuwa ndani ya mkoba, nilikuwa nimekibeba ili nikitoe. Kicheko alikuwa nyuma yangu kwenye benchi, nilimsikia anavyopumua, wenye mimba kubwa hupumua kwa sauti. Nilikufikiria wewe. Nilifikiria Mama akiita majirani waje wakuone na pingu.

Nikasema, "Sijui, mheshimiwa."

Miaka ishirini na sita nimezalisha, sijawahi kumdanganya mama yeyote kuhusu hali yake. Nilimdanganya yeye akiwa mita mbili nyuma yangu. Wewe uliandika neno moja na mimi nikasema neno moja, na sioni kwamba moja ni dogo kuliko jingine.

Mumewe anashona viatu na mtoto mgongoni. Asubuhi nilipopita alinisalimia kama kawaida. Hajui kitu. Siwezi kupita pale tena, nazunguka nyuma ya soko.

Mdogo wako


5 Septemba

Mdogo wangu,

Mimi ndiye niliyeandika ghala.

Tangu Januari nimekuandikia barua nne na sijaandika sentensi hiyo. Nimeiita mtu huyo, nimeiita karatasi za zamani, nimeiita Septemba. Mimi. Kwa mkono wangu, jikoni kwako, na nilifurahi nikiiandika, nilijiona mjanja kuliko ofisi saba.

Shemeji yako anasema ningoje siku nane tu, kura ipigwe kwanza. Ndivyo nilivyosema mwenyewe tangu Machi: ngoja kidogo. Nimemjibu kwamba Kicheko alingoja. Alhamisi nitasimama nitoe maelezo binafsi, nitasoma fomu ile neno kwa neno, kisha nitakuja kwa karani wa ardhi kula kiapo. Yatakayofuata yafuate.

Kuhusu wewe na hakimu nitasema kwamba mimi ndiye niliyekuomba, kwa maandishi, na barua ya Mei utawapa. Usinilinde tena. Tafadhali, usinilinde tena.

Sitakuomba msamaha kwa barua. Hata ana kwa ana sijui kama nitathubutu. Mama usimwambie mpaka Alhamisi.

Dada yako


30 Septemba

Dada,

Mama hajambo. Alhamisi ile nilimkalisha karibu na redio, nikamshika mkono. Uliposema "nilikuwa diwani, niliandika uongo," ukumbi ukalipuka, na Mama ambaye sikio moja limekufa akadhani wanakushangilia. Ikabidi nimweleze. Jioni akauliza kama umekula.

Nimesikia wamekuvua kiti cha kamati, na kwamba Muswada umeondolewa kwenye ratiba bila tarehe. Kwa hiyo hatukupata cha kwako wala cha kwangu. Nilitaka nikuandikie jambo la kukutia moyo, nimelitafuta siku nyingi, sina.

Kwa fundi viatu nilikwenda mwenyewe, siku ile ile ya Alhamisi, kabla hajasikia kwa watu. Nilimwambia neno nililomwambia hakimu. Aliendelea kushona mpaka kamba ikamwishia. Akampandisha mtoto vizuri mgongoni, akaingia ndani, akafunga mlango. Tangu siku hiyo hanisalimii, lakini kila Ijumaa anamleta mtoto nimpime, anamweka juu ya mizani na kugeukia ukutani mpaka nimalize.

Ulipoondoka baada ya kiapo chako, hukutaka kupita kiwanjani, na mimi sikukulazimisha. Jana karani wa ardhi aliniita. Kiapo kimekubaliwa, hakimu ameagiza daftari lirekebishwe, na anayetakiwa kuandika ni mwakilishi wa akina mama wa mtaa, yaani mimi. Alinigeuzia daftari. Neno lako lipo pale, ghala, kwa mwandiko wa karani wa zamani, na karani wetu amelipiga mstari mwekundu kwa rula, taratibu, kama kawaida yake. Kando yake ameacha nafasi wazi.

Akanipa kalamu. Alikuwa na furaha, maskini, alidhani hatimaye amenitendea jema. "Haya, Bi Mkunga," akasema, "andika jina lake halisi. Likishaandikwa nyumba ya uzazi, kifungu cha tisa kinailinda, hakuna atakayeigusa tena."

Nikamuuliza, niandike kilichokuwepo au kilichopo?

Akafikiri. Ni mtu wa sheria, hawezi kudanganya hata kwa huruma. Akasema sheria inataka kilichopo.

Nikaandika: kiwanja kitupu. Nikatia saini, jina kamili, ya kusomeka.

Mdogo wako